Tanga inaweza kupokea megawati (MW) ngapi za umeme kutoka Chalinze?

Modeli nyingi za kompyuta huigawa gridi kwa kanda, kisha kila mpaka kati ya kanda hupewa namba moja ya kikomo. Kwa Tanga namba moja inadanganya.

Chukua laini ya kilovolti 132 yenye waya wa ampea 400. Zidisha 1.732 × 132 × 400, unapata MVA (megavolti-ampea, nguvu yote inayopita kwenye laini) 91 hivi. Wengi huandika hiyo na kuendelea. Lakini hicho ni kikomo cha joto tu: waya usichemke ukalegea kuelekea miti. Laini ndefu hukwamishwa na kushuka kwa volteji mapema zaidi.

Tuseme laini ni kilomita 170, ukinzani ohmu 27, riaktansi (upinzani wa laini kwa mkondo unaobadilika) ohmu 68. Ukipitisha MW 60 pamoja na megavari 30 (nguvu isiyofanya kazi yenyewe, ila inashikilia volteji), volteji inashuka (60×27 + 30×68) ÷ 132, yaani kilovolti 27.7, asilimia 21. Huko mwisho umeme hautumiki, ilhali waya umebeba ampea 293 tu. Megavari hizo 30 zikizalishwa hukohuko Tanga, MW 60 zilezile zinashusha kilovolti 12.3. (Ni hesabu ya kukadiria; nimeacha chaji ya laini, yaani megavari ambazo laini yenyewe huzalisha.)

Nani azizalishe? Kapasita, na mitambo ya Mto Pangani: Hale, MW 21, na New Pangani Falls, MW 68. Mtego uko hapo. Kiangazi maji yakikauka, Tanga inaagiza megawati nyingi zaidi kutoka Chalinze, na papo hapo imepoteza megavari za mitambo. Kikomo kinashuka siku kinapohitajika zaidi. Kapasita nazo hazina msaada wa kutegemea: volteji ikipungua asilimia 10, megavari zake zinapungua 19.

Kwa hiyo piga hesabu ya mtiririko wa umeme kwenye gridi kwa kila hali ya mitambo. Ongeza mzigo MW 2 kwa 2 upande wa Tanga mpaka volteji ivuke kiwango ulichoweka, au hesabu igome kufikia jibu. Rudia ukiwa umetoa laini au mtambo mmoja, mmoja baada ya mwingine, uchukue jibu dogo kuliko yote. Kwenye modeli ya kanda, kikomo kiandikwe kikifuata idadi ya mitambo inayozunguka.

Halafu kuna Hale kwenyewe: laini nyingine inatoka hapo kwenda Same, mkoani Kilimanjaro. Sehemu ya umeme unaotoka Chalinze inapita tu, hivyo pima mpaka wote kwa pamoja, laini zote zinazoingia na kutoka, umeme unaotoka ukiupa alama ya kutoa.