Mpaka Ulikuwepo Kabla ya Ukuta: Ninavyosoma Mawe ya Dartmoor

Wiki iliyopita nilituma picha kwenye grupu la familia, tuta la mawe limeota majani linakatiza kilima kisicho na mti hata mmoja, mvua inanyesha kama kawaida ya huku, na mimi nimesimama pembeni na koti langu la mvua nachekelea. Shangazi akajibu kwa voisi: "Mwanangu, yaani umesoma miaka yote hiyo, ukapanda na ndege, kumbe kazi yenyewe ni kupiga picha mawe?" Nilicheka sana, ila nikasema hapana, hili swali linataka jibu refu, na voisi haitoshi. Shangazi, hii ni yako.

Mimi ni mwanaakiolojia, kazi yangu ni kusoma kuta za kale. Kwanza ujue nilipo. Dartmoor iko Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, ni nyanda za juu za mawe ya graniti, hifadhi ya taifa yenye kilomita za mraba 954. Wenyeji wanaiona iko juu sana lakini kilele chake, High Willhays, ni mita 621 tu, Moshi mjini kwenyewe kuko juu kuliko hapo. Miti michache, nyasi, vichaka vifupi, magugu ya jamii ya kangaga yanayofika kiunoni wakati wa kiangazi, na udongo mweusi wa mboji, yaani mimea iliyorundikana bila kuoza vizuri, unaoloa maji mwaka mzima. Ukiangalia haraka unaona pori. Sasa subiri jua lishuke, au theluji ianguke kidogo, ndo unaona mistari. Mistari mingi, imenyooka, mingine inaenda sambamba kama matuta ya shamba la jitu.

Hiyo mistari wenyeji wanaiita reave, mi nitaandika rivu tuishi kwa amani. Rivu ni ukuta wa mawe uliokufa: umeporomoka, umefunikwa na majani, saa nyingine haufiki hata gotini, unaweza kuuvuka bila kujua umevuka mpaka wa mtu wa miaka elfu tatu na mia tano iliyopita. Maana ndo umri wake, mingi ilijengwa kuanzia karibu mwaka 1600 KK, Zama za Bronzi, enzi za zana za shaba iliyochanganywa na bati, na kufika kama 1000 KK watu walikuwa wameshaacha kuitumia. Ukijumlisha maeneo yote yaliyogawanywa na rivu unapata zaidi ya hekta 10,000, halafu kuna misingi ya nyumba za duara kama 5,000 imetawanyika humo humo na pembeni.

Cha kuchekesha ni kwamba kitu kikubwa hivi kilisahaulika. Karne ya 19 watu waliiona wakaandika, wengine wakadhani ni njia za zamani, wengine barabara za Warumi (huku kila kilichonyooka kinasingiziwa Warumi), baadaye wasomi wakaachana nayo kabisa. Mwaka 1968 watafiti wawili wa hukohuko, Elizabeth Gawne na John Somers Cocks, wakachapisha makala kuhusu rivu sambamba, na miaka ya 1970 mwanaakiolojia Andrew Fleming akaanza kuzifuata kwa miguu moja moja na kuzichimba, ndo ikaeleweka kwamba hii ni mipaka ya mashamba na malisho, na ni ya kale kweli kweli.

Sasa unajuaje umri wa ukuta? Hapa ndo watu wengi wanakwama, kwa sababu jiwe lenyewe halikwambii kitu, graniti ina mamilioni ya miaka, aliyeliokota jana na aliyeliokota enzi hizo wameokota jiwe lilelile. Kwa hiyo mimi nikifika sehemu siangalii ukuta, naangalia pale ukuta unapokutana na kitu kingine. Ukuta ukija ukagota kwenye ukuta mwingine na kuishia hapo, basi ule uliogotwa ulikuwepo kwanza, mara nyingi. Ukuta uliokuwa unaenda vizuri ukipinda ghafla kuzunguka kaburi la mawe, kaburi ni la zamani zaidi na wajenzi waliliheshimu, au waliliogopa, sijui, ila walilikwepa. Ukikuta nyumba ya duara imekula sehemu ya ukuta, nyumba imekuja baadaye. Ukikuta rivu imepita juu ya safu ya mawe ya ibada bila kujali, hapo una habari nyingine kabisa, kwamba waliokuja hawakuona tena umuhimu wa ile safu, au waliona wakaamua hivyohivyo. Ni kama kusikiliza watu wanagombania shamba, huwezi kujua mwaka lakini unaweza kujua nani alifika kwanza, na kwa kazi yetu hiyo ni nusu ya safari. Tarehe zenyewe zinatoka kwenye kuchimba, mkaa na udongo wa chini ya ukuta, unapimwa kwa radiokaboni, yaani kuangalia kaboni iliyobaki kwenye kitu kilichowahi kuwa hai.

Tatizo Dartmoor haikuachwa peke yake baada ya 1000 KK. Karne za kati watu walirudi wakalima, wakaacha matuta ya jembe ndani ya mashamba yaleyale ya kale, kule Holne Moor yanaonekana wazi, na walizitumia rivu kama mipaka yao tena kwa sababu nani ataacha ukuta wa bure. Kuna wakulima wa leo, leo hii, uzio wao unafuata mwelekeo uliowekwa Zama za Bronzi. Halafu kuna kuta ndefu za karne ya 18 na 19, hizo bado zimesimama, na ukiona jiwe lina vishimo vya duara vimepangwa mstari kwenye ukingo wake ujue lilipasuliwa kwa kutoboa na kugongelea vyuma, na ufundi huo huku umeanza kama mwaka 1800. Kishimo kimoja tu kinakuokoa usiandike upuuzi kwenye ripoti. Sheria hiyo haifanyi kazi kinyumenyume lakini, kukosa vishimo hakumaanishi ni ukale.

Alafu wachimba bati. Walichimba humu kuanzia karne ya 12, wakageuza mabonde juu chini, na wakachonga mifereji ya kuleta maji. Hapa ngoja nikiri dhambi. Msimu wangu wa kwanza nilitembea saa mbili nzima nikifuata tuta zuri lenye mtaro pembeni, napiga pointi za GPS, nimefurahi kweli, nimeshaipa na namba, rivu mpya haiko kwenye ramani! Mzee tuliyekuwa naye akaja taratibu, akatazama, akaniuliza, "Ukimwaga maji hapa yataenda wapi?" Nikatazama mstari wangu. Unazunguka kilima, unashuka kidogokidogo sana, haupandi popote. Mfereji. Mtoto wa Uchagani, nimekulia pembeni ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, nimetumwa kufungulia maji usiku na taa ya chemli, nimeshindwa kuutambua mfongo kwa sababu uko Ulaya. Nilijisikia vibaya mpaka jioni.

Ila niliondoka na somo moja ambalo silisahau. Mfereji unatii ardhi, hauna ujanja, maji hayapandi mlima. Rivu haitii. Mfumo wa rivu wa Dartmeet una kama hekta 3,000, na mistari yake inashuka kwenye bonde la mto Dart, bonde refu la mawe na maporomoko, halafu inaendelea ng'ambo kwa mwelekeo uleule kana kwamba mto haupo. Ukisimama mwisho mmoja huoni mwisho mwingine. Kwa hiyo yupo mtu, au wapo watu, waliokuwa na mwelekeo kichwani kabla ya kuweka jiwe la kwanza. Na huko juu mistari inagota kwenye rivu moja ya kufungia, baada ya hapo ni malisho ya wazi, hayajagawanywa, inaonekana yalikuwa ya wote. Upande wa magharibi kuna moja inaitwa Great Western Reave, inakwenda karibu kilomita 10.

Hapo ndo ugomvi wa wasomi ulipo. Fleming alisema huu ni mpango mkubwa, jamii nzima ilikaa ikakubaliana ikagawa ardhi. Waliokuja baada yake, kina Robert Johnston na Helen Wickstead, wakazitazama zile sehemu za kukutania kwa karibu na kusema mbona kuta zimejengwa vipande vipande, hapa kwanza, pale baadaye, hamna dalili ya siku moja ya kugawa. Mimi nasimama wapi? Nasimama Kilimanjaro, kusema kweli. Shangazi, kihamba cha babu, lile shamba la ukoo, kilikuwa na ukuta? Hakikuwa na ukuta. Kilikuwa na masale, ile mimea tunayopanda mpakani. Na kila mtu alijua masale yanapita wapi, ukiyang'oa unaitiwa wazee. Sasa masale yote yakifa leo, baada ya miaka elfu tatu na mia tano mwanaakiolojia atakuta nini? Hamna kitu. Labda mmoja wa wajukuu aliweka mawe kwenye kona moja kwa sababu ya ng'ombe wa jirani, na hayo mawe ndo yatabaki, na msomi ataandika kwamba mpaka ulianza siku yalipowekwa mawe.

Na si mimi tu najisemea, Holne Moor walipochimba walikuta mashimo madogo ya vijiti, uzio wa miti uliotangulia ukuta wa mawe. Mpaka ulikuwepo, ukuta ukaja kuukuta. Nikiangalia hivyo pande zote mbili zina haki: mwelekeo unaweza kuwa ulikubaliwa mapema na watu wengi, kwa uzio, kwa mazoea, kwa kuoneshana kwa mkono tu, halafu mawe yakawekwa na kila kaya kwa nafasi yake, mwingine mwaka huu, mwingine mjukuu wake. Kwa hiyo viungo vya ukuta vinakwambia historia ya ukuta, havikwambii historia ya mpaka. Engaruka, magofu ya kale kaskazini mwa Tanzania, pale chini ya bonde la ufa, wale mnaoijua, na mashamba yake ya mawe ya hekta kama 2,000, imekuja kuonekana hivyohivyo, mfumo unaoonekana umepangwa siku moja kumbe ulikua polepole.

Watu wananiuliza pia, haya walilima nini? Jibu linakatisha tamaa kidogo: sana sana walifuga. Ukilima kwenye mteremko udongo unashuka na kujazana nyuma ya ukuta, upande wa juu unakuwa na kina na wa chini unabaki na shimo, kwa hiyo unasimama juu ya rivu na kulinganisha pande mbili. Sehemu nyingi hapa tofauti ni ndogo. Chavua, yaani unga wa maua, iliyohifadhiwa kwenye mboji nayo inaonesha majani ya malisho kwa wingi, nafaka kidogo. Na mifupa? Udongo wa graniti una asidi, unaila mifupa yote, hubaki na hata jino. Ila Shaugh Moor, mwishoni mwa miaka ya 1970, walichimba kabla eneo halijachukuliwa na machimbo ya kaolini, udongo mweupe wa kutengenezea vyombo, na kwenye matope ya mtaro ulio pembeni ya rivu wakakuta nyayo. Nyayo zenyewe, za ng'ombe, za kondoo, za farasi, zimekanyaga tope siku moja ya mvua na tope likazihifadhi. Mimi hiyo ndo data naipenda kuliko zote, mnyama hana mfupa uliobaki lakini tunajua alipita wapi.

Kidogo kuhusu mboji maana inasaidia pia. Kule Ireland, Mayo, kuna Céide Fields, mwalimu wa shule Patrick Caulfield miaka ya 1930 alikuwa anaona mawe yamepangwa chini kabisa ya mboji watu wakikata ya kuwashia moto, na baadaye mwanae Seamas akawa mwanaakiolojia akazifuata hizo kuta kwa kuchoma chuma kirefu ardhini, kikigonga jiwe anaweka alama, kisichogonga anasogea. Teknolojia ya bei ya chuma. Kama ukuta uko chini ya mboji basi ni wa zamani kuliko mboji, hiyo haina ubishi, ubishi ni wa miaka mingapi, kwa muda mrefu walisema karibu 3500 KK na siku hizi kuna wanaosema hapana, ni Zama za Bronzi.

Siku hizi tuna laida, ndege inapiga miale na kompyuta inafuta majani yote unabaki na ardhi tupu, ni nzuri sana na imetuonesha mengi. Lakini laida hainioneshi nani kagota kwa nani. Inanionesha msalaba, mistari miwili imekatana, basi. Lazima uende upige magoti. Na usihamishe jiwe tafadhali, nyingi ya hizi zinalindwa na sheria ya 1979, na hata bila sheria, ukihamisha jiwe la kwenye kiungo umechana ukurasa.

Ile picha ya kwenye grupu, Shangazi, angalia tena mkono wa kushoto karibu na buti langu. Tuta linaonekana kuruka kama mita moja pembeni halafu linaendelea. Sijajua kwa nini. Inaweza kuwa vipande viwili vilianza huku na huku vikakosana kidogo katikati, inaweza kuwa palikuwa na geti, inaweza kuwa mchimba bati alilichokonoa tu miaka mia sita iliyopita. Kangaga zikishakufa mwezi wa pili narudi na futi kamba na mtu wa kunishikia upande wa pili, kama theluji haijafunga barabara.