Mwaka wa kazini katika shahada ya saikolojia ni nini?

Jioni moja mama mmoja jirani yetu hapa Mwanga, Kigoma mjini, alibisha hodi akiwa na simu mkononi. Binti yake anasoma saikolojia Uingereza, na alikuwa amemwandikia kwamba mwaka huu wa tatu haingii darasani, yupo hospitalini anafanya kazi, chuoni atarudi mwakani. "Mwanangu, niambie ukweli," akasema kabla hata sijamaliza kumwamkia, "wamemfukuza?"

Hawajamfukuza. Yupo kwenye mwaka wa kazini, yaani mwaka mzima wa masomo ambao mwanafunzi wa shahada anautumia kufanya kazi inayohusiana na fani yake huku akiwa bado amesajiliwa chuoni. Kule England shahada ya saikolojia kwa kawaida ni miaka 3. Anayechukua mwaka huu anamaliza kwa miaka 4: miwili ya darasani, mmoja kazini, kisha anarudi kumalizia. Waingereza huziita kozi hizi sandwichi, kwa sababu kazi imebanwa katikati ya masomo kama yai kati ya vipande viwili vya mkate. Ulianza kama mtindo wa watu wa uhandisi, kwenye chuo cha ufundi cha Sunderland mwaka 1903, na fani nyingine zikaufuata baadaye.

Kwetu neno linalokaribia ni fildi, au kwa lugha ya barua za chuo, mafunzo kwa vitendo. Lakini fildi ni wiki chache za likizo ndefu, kati ya Julai na Septemba. Utarajali nao ni kitu kingine, kwa maana mtarajali ameshamaliza chuo. Uanagenzi ni kujifunza ufundi kwa fundi. Na anayejitolea hana chuo kinachomfuatilia wala alama anazosubiri. Mwanafunzi wa mwaka wa kazini ana wasimamizi wawili, mmoja wa chuo na mmoja wa pale kazini, na mwisho wa mwaka anaandika ripoti inayosahihishwa.

Tofauti ya urefu ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu mimi nilifanya fildi ya wiki 8 katika ofisi moja ya ustawi wa jamii mkoani huku, na wiki hizo zilinifundisha nilichokosa.

Wiki 3 za mwanzo nilipanga mafaili. Wiki ya nne bibi mmoja akamleta mjukuu wake wa darasa la sita, mtoto aliyekuwa haongei na mtu shuleni. Nikapewa kazi ya kukaa naye kwenye benchi la nje kila Jumanne wakati bibi yuko ndani na afisa. Jumanne ya kwanza alitazama chini muda wote. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu akavuta daftari langu, akachukua kalamu na kuchora mtumbwi wenye taa pembeni, taa za kuvulia dagaa. Nikamuuliza ni wa nani. "Wa baba," akasema. Neno lake la kwanza kwangu, na nilikuwa nimebakiwa na wiki moja na siku kadhaa. Nilipoondoka, Jumanne iliyofuata alikuja na kuniulizia. Nikaambiwa kwa simu, na mpaka leo naona uchungu.

Gombe, hapo kaskazini mwa mji wetu, inalieleza jambo hili vizuri. Mtafiti Jane Goodall alifika Julai 1960 kutazama tabia za sokwe, na miezi ya mwanzo sokwe walikuwa wakimkimbia tu. Novemba ndipo alipowaona wakichokoa mchwa kwenye kichuguu kwa vijiti vya majani, jambo lililobadilisha fikra za wanasayansi kuhusu zana. Angekuwa na fildi ya wiki 8 angefungasha Septemba na daftari tupu. Siwafananishi watoto wetu na sokwe. Ninayemfananisha ni mtazamaji: anahitaji muda mpaka aache kuwa mgeni.

Tena wiki 8 zinaonyesha msimu mmoja tu. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Mwanafunzi aliyekuja fildi Julai hiyo aliwakuta akina baba nyumbani, hela hakuna, na ugomvi wa sababu ndogo ndogo. Angeweza kuandika kwenye ripoti yake kwamba ndivyo familia za mwaloni zilivyo. Hakuwaona Oktoba, boti zikirudi asubuhi na dagaa. Hakuona wala hofu ya kidato cha nne ikipanda Novemba. Anayekaa mwaka mzima huyaona yote, na anajifunza kutomhukumu mtu kwa siku aliyomkuta nayo.

Kazi zenyewe ni za aina nyingi: kwenye timu za wanasaikolojia hospitalini, shuleni kwa watoto wenye mahitaji maalumu, maabara za utafiti, hata idara za rasilimali watu za makampuni. Mwanafunzi huandaa madodoso, huingiza takwimu, hukaa kwenye vikao, huwasindikiza wagonjwa kwenye shughuli za siku. Hatoi tiba peke yake, na akiachiwa mgonjwa bila msimamizi basi hapo kuna kosa kubwa. Na siri ya mteja haitoki ofisini. Kwenye mji kama huu, ambapo ukitaja mtaa na kazi ya baba watu wameshamjua mtoto, siri inataka uangalifu zaidi ya unaofundishwa darasani. Ndiyo maana huyo mtoto wa mtumbwi sikutaja kijiji chake.

Mwaka huu haumfanyi mtu mwanasaikolojia. Anayetaka kutibu, kule Uingereza, anaendelea hadi udaktari wa saikolojia tiba wa miaka 3, na nafasi zake zinagombewa mno. Mwaka wa kazini unampa uzoefu wa kuonyesha anapoomba, na wakati mwingine unamwonyesha mapema kwamba kazi ya wagonjwa haimfai, jambo ambalo nalo ni faida.

Mama alisikiliza yote kisha akauliza lililokuwa limemkaa rohoni: ada na hela ya kula. Nikamweleza kwamba England, kwa wanafunzi wa kule kule, chuo hakiruhusiwi kutoza mwaka huo zaidi ya asilimia 20 ya ada ya juu kabisa inayoruhusiwa kwa mwaka. Mshahara unategemea mahali. Makampuni mara nyingi hulipa. Hospitalini wengi hawalipwi kitu, na mkopo wa wanafunzi, kwa anayestahili, huwa mdogo kuliko wa miaka ya darasani.

"Kumbe ndiyo maana anasema anashinda na chai," akasema, akaanza kutafuta namba ya binti yake palepale kibarazani.