Kuvumwani hainywi mtindi

Ukitaka jiwe la bustanini livae zulia la kijani, utaambiwa usage kuvumwani (moss, vimea vidogo vya kijani vya penye unyevu) kwenye blenda pamoja na mtindi, kisha upake uji huo kwa brashi. Ushauri huu umezunguka miaka mingi, na una chembe ya ukweli: kipande kidogo tu cha kuvumwani kinaweza kuchipua upya. Mtindi ndio hauhusiki.

Kuvumwani si kuvu, ingawa jina linachanganya. Ni mmea, unajitengenezea chakula kwa mwanga. Hauna mizizi halisi, una vijinyuzi vya kushikilia jiwe tu, na maji yake huyapata kupitia vijani ambavyo vingi ni vyembamba kiasi cha seli moja. Maziwa hayaupi chochote cha maana. Wanaokula maziwa ni kuvu wa ukungu na bakteria, na harufu yake baada ya siku tatu, basi tena!

Kwangua kipande cha kuvumwani kutoka ukuta wako wenye unyevu, lowesha jiwe, kigandamize kwa kiganja hadi kisiache uwazi chini, halafu nyunyizia maji ya mvua kila siku kwa wiki kadhaa. Kikikauka na kujikunja usikitupe. Kimwagie maji, mara nyingi hurudi kijani mbele ya macho yako. Majani makavu yaliyoangukia juu yaondoe, maana yanaziba mwanga.

Hekalu la Saihō-ji huko Kyoto, Japani, lina takriban aina 120 za kuvumwani. Zilijiotea zenyewe kivulini.