Kodi ihamie kwenye matumizi: ugumu uko wapi?

Wanaotaka kodi ya mapato ifutwe na nafasi yake ichukuliwe na kodi ya matumizi wana hoja moja ambayo mimi, kama mtaalamu wa kodi, naikubali bila kusita: mfumo wa sasa humbana anayeweka akiba. Watu wawili wakilipwa mshahara sawa, mmoja akautumia wote na mwenzake akaweka sehemu benki, huyu wa pili hukatwa kodi kwenye mshahara, kisha hukatwa tena kwenye riba. Kodi ya matumizi humsubiri hadi atakapozitoa fedha hizo na kununua kitu.

Nchini Marekani hoja hii imezaa muswada wa FairTax, uliowasilishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1999 na John Linder, mbunge wa Georgia. Unapendekeza kufuta kodi ya mapato ya watu na ya kampuni, makato ya mishahara ya hifadhi ya jamii na kodi ya mirathi, na badala yake kutoza asilimia 23 kwenye mauzo ya rejareja. Hapo ndipo mabishano huanzia, kwa sababu bidhaa ambayo muuzaji anaiuza dola 100 italipiwa karibu dola 130, na hizo 30 ni asilimia 23 ya fedha zote zilizomtoka mnunuzi, lakini ni asilimia 30 ya bei ya muuzaji. Hesabu zote mbili ni sahihi. Ya kwanza inafaa kulinganishwa na kodi ya mapato, ya pili na kodi za mauzo za majimbo, na mwananchi anastahili kuelezwa zote mbili.

Kwa maskini, muswada unaweka malipo ya kila mwezi kwa kila kaya, yanayofidia kodi ya matumizi yaliyo chini ya mstari wa umaskini. Naona njia hii ni bora kuliko kusamehe kodi ya vyakula, kwa maana msamaha huo humnufaisha pia tajiri, tena zaidi, kwa kuwa hununua kingi. Hata hivyo tajiri hutumia sehemu ndogo tu ya kipato chake, kwa hiyo mzigo humwelemea mwenye kipato cha kati.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni ukusanyaji. Kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanzia Ufaransa mwaka 1954, hukusanywa katika kila hatua ya biashara, na kila mfanyabiashara hudai ankara kwa sababu bila hiyo hawezi kurejeshewa kodi aliyolipa kwenye manunuzi yake. Kodi ya rejareja humtegemea muuzaji wa mwisho peke yake. Kwa kiwango kidogo hilo huvumilika, lakini kwa asilimia 30 muuzaji na mnunuzi wote wawili wana sababu nzito ya kukubaliana risiti isiandikwe.

Kisha wapo wastaafu, ambao walilipa kodi ya mapato maisha yao yote ya kazi na sasa wanaishi kwa akiba iliyobaki. Mfumo ukibadilishwa ghafla, fedha zile zile zitatozwa tena dukani. Wanaweza kusamehewa, lakini kila msamaha hupunguza wigo wa kodi, na wigo ukipungua, kiwango kwa wengine wote hakina budi kupanda.