Trigliseridi Nzuri Isikulaze

Dereva wa kreni bandarini Kilindini, umri miaka 43, aliniletea majibu yake ya damu ameyakunja mfukoni. "Daktari, si niko sawa? Alama ni moja tu." Alama hiyo, mshale unaotazama chini, ilikuwa kwenye HDL, ile kolesteroli tunayoiita nzuri: 0.9 mmol/L. Trigliseridi, yaani mafuta yanayozunguka kwenye damu, 1.2. Sukari ya kufunga 5.5.

Nikamwomba majibu ya miaka ya nyuma, maana kazini kwao hupimwa kila mwaka. Sukari ilikuwa 4.8, ikaja 5.1, sasa hii. Nikazungusha futi kiunoni: sentimita 101. Presha 132 kwa 84.

Vigezo vya sindromu ya umetaboli, yaani hatari kadhaa za kisukari na moyo kukaa pamoja kwa mtu mmoja, vilivyokubaliwa kimataifa mwaka 2009 ni vitano: kiuno kipana (kwetu Waafrika, 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke), trigliseridi kuanzia 1.7, HDL chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke, presha iliyofika 130 juu au 85 chini, na sukari ya kufunga kuanzia 5.6. Vikitimia vitatu, ni sindromu ya umetaboli. Bwana huyu alikwisha timiza vitatu, na sukari yake bado inasomeka "kawaida".

Ninalolisisitiza kila siku ni hili la trigliseridi. Insulini, homoni inayodhibiti sukari, inapoanza kugomewa na mwili, ini humwaga mafuta mengi kwenye damu, na kwa watu wengi duniani trigliseridi hupanda mapema. Lakini tafiti kwa watu wenye asili ya Afrika zimeonyesha mara nyingi kwamba insulini inaweza kuwa imeshagomewa huku trigliseridi zimetulia. Kwa hiyo mgonjwa wangu wa Mombasa mwenye trigliseridi nzuri simwachi aende hivyo hivyo. Naangalia HDL, kiuno, na sukari ilivyotembea mwaka hadi mwaka.

Kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, nakipenda kwa wafanyakazi wa shifti kwa sababu hakihitaji kufunga. Kati ya asilimia 5.7 na 6.4 ni dalili ya kuelekea kisukari. Ila hapa Pwani wengi tumebeba chembe moja ya kurithi ya selimundu bila kuugua wala kujua, na baadhi ya mashine huipotosha HbA1c kwa sababu hiyo. Upungufu wa madini ya chuma nao huipandisha. Uliza maabara inatumia njia gani.

Asidi ya yuriki na vimeng'enya vya ini huongeza ushahidi kwamba insulini imegomewa, ila havitoshi peke yake.

Na tafadhali, ukitoka shifti ya usiku usipitie mahamri na mbaazi kisha uje kupima sukari ya kufunga. Funga kwa muda wa saa 8 hadi 12 mfululizo, maji tu.

Dereva nilimpa tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu. Mlangoni akageuka: mkewe hushinda ameketi dukani kutwa, hajawahi kupimwa, aje naye? Nikamwambia aje naye wiki hii hii.