Dole gumba ndilo bendi: kurekodi albamu ya gitaa moja

Hapa Moshi nikimwambia mtu kwamba ninarekodi albamu ya gitaa la solo, swali lake la kwanza huwa ni bendi gani. Ana haki ya kuuliza hivyo, kwa sababu katika muziki wa dansi, ambao ndio uliolea masikio yetu, solo ni kazi ya mmoja tu kati ya wapiga magitaa kadhaa: yuko wa rithimu, yuko wa besi, na huyo wa solo hupita juu yao akichombeza. Albamu niliyoimaliza hivi karibuni haina hao wengine. Ina mpigaji mmoja, mimi nikiwa fundi wa kurekodi tu, gitaa kavu moja la nyuzi za chuma, na tungo 11 zisizo na sauti ya mwimbaji wala ngoma. Wazee wa mjini bado huliita gitaa la namna hiyo galatoni, jina lililotokana na Gallotone, magitaa ya bei nafuu yaliyotoka Afrika Kusini.

Katika upigaji huu dole gumba hushika besi kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada hubeba wimbo kwenye nyuzi nyembamba, na rithimu haipigwi na yeyote, bali huzaliwa pale viwili hivyo vinapopishana. Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Kongo ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji wa Kongo unaoitwa leo Likasi, alitumia vidole hivyo viwili tu, na mpaka leo nikimwekea mgeni rekodi zile huniuliza mpigaji wa pili ni nani. Kwa hiyo ninapotega maikrofoni sianzi na kidole cha shahada, ambacho hujisikia chenyewe popote pale. Naanza na dole gumba, kwa sababu likipotea limepotea na besi, na likizidi limefunika kila kitu.

Usiku wa kwanza lilizidi. Mpigaji alikuwa akipokezanisha besi kati ya uzi wa tano na uzi wa sita, na kila dole gumba lilipogusa uzi wa tano sauti ilivimba kama mtu aliyefunguliwa mlango ghafla, ilhali uzi wa sita ulibaki wa kawaida. Yeye alidhani mkono wake ndio wenye kosa, akaanza kuugusa uzi wa tano kwa woga, na wimbo wote ukaanza kuchechemea. Kosa lilikuwa langu. Uzi wa tano ukiwa wazi hutetemeka mara 110 kwa sekunde, na uzi wa sita takriban mara 82. Hewa iliyomo ndani ya sanduku la gitaa nayo ina mtetemo wake wa asili, ambao kwa magitaa mengi ya ukubwa wa kawaida huangukia karibu na mara 100, na hewa hiyo hupumua kupitia tundu la gitaa. Nilikuwa nimeielekeza maikrofoni kwenye tundu, kama wafanyavyo wengi kwa kudhani kwamba sauti yote hutokea hapo, kumbe nilikuwa narekodi pumzi ya sanduku kuliko nyuzi. Niliisogeza hadi usawa wa freti ya 12, yaani kipande cha 12 kati ya vyuma vilivyopangwa kwenye shingo ya gitaa, umbali wa sentimita 30 hivi, nikaigeuza kidogo itazame mahali shingo inapoungana na sanduku. Besi zote mbili zikakaa sawa, na mpigaji akarudisha mkono wake wa siku zote bila mimi kumwambia neno.

Maikrofoni ya pili ina hatari yake. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo maikrofoni iliyo mbali zaidi kwa sentimita 34 huchelewa kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukizichanganya sauti hizo mbili ziwe moja zenye nguvu sawa, mitetemo ya mara 500 kwa sekunde hukutana ikiwa imepingana na kufutana, na gitaa hutoka jembamba kama limefungwa ndani ya kopo. Kwenye spika mbili za studio huenda usilisikie tatizo hilo, lakini wasikilizaji wetu wengi husikiliza kwa spika moja ya simu, ambako pande zote mbili huunganishwa. Ndiyo maana kila wimbo niliusikiliza kwanza kwa simu yangu, ile yenye kioo kilichopasuka, kabla ya kuukubali.

Swali lililotuchukua muda mrefu zaidi ni kama tuongeze tabaka. Albamu inaweza kupigwa na mtu mmoja kwa namna mbili: kwa mkupuo, au gitaa juu ya gitaa. Namna ya pili si haramu wala si ngeni. Les Paul wa Marekani alitoa mwaka 1948 rekodi ya “Lover”, ambayo magitaa yake yote aliyapiga mwenyewe tabaka juu ya tabaka, akitumia diski. Ninachopinga si ufundi huo. Napinga kuutumia kwenye muziki uliotungwa kwa ajili ya mikono miwili, kwa sababu gitaa lililokwisha kurekodiwa halisikii tena. La pili litalifuata, lakini la kwanza halitalisubiri kamwe, ilhali dole gumba na kidole cha shahada cha mtu mmoja husubiriana kila kipimo. Katika wimbo wa nne kuna mahali ambapo mkono wa kushoto lazima uruke freti tano, na dole gumba huchelewa kidogo ili kidole kifike. Tulipojaribu kupiga kwa kufuata metronomu, kifaa kinachogonga mapigo ya kasi isiyobadilika, mpigaji alifika kwa wakati, na uzi ukakwaruza. Tuliizima. Rekodi tuliyoichagua huanza kwenye mapigo 96 kwa dakika na kuishia kwenye 101, na sijaona sababu ya kuisahihisha. Gharama yake ni kwamba huwezi kuunga rekodi mbili popote upendapo: nilikata tu mahali ambapo kasi zake zililingana, tena kwenye mwangwi wa besi, kamwe si pale kidole cha shahada kinapobeba wimbo.

Kuhusu chumba sina mengi. Ni sebule yenye paa la bati, kwa hiyo masika ya Machi hadi Mei sipangi kurekodi, na miezi mingine tunaanza saa sita usiku, bodaboda zinapopungua, na kuacha saa kumi, kabla ya jogoo wa jirani. Friji huzimwa, kwa kuwa umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde huifanya ingurume kwenye mitetemo 100, palepale penye besi. Funguo za pikipiki naziweka ndani ya hiyo friji, nisije nikaondoka bila kuiwasha.

Jambo la mwisho tulilorekodi lilikuwa ukimya. Katika albamu ya bendi unaweza kuweka utupu kamili kati ya nyimbo na hakuna atakayegundua, lakini hapa sikio limezoea chumba kiasi kwamba utupu huo husikika kama redio iliyokatika. Nilimwomba mpigaji akae kitini palepale, gitaa likiwa mapajani na nyuzi zikiwa huru, kwa dakika moja, kwa sababu mwili wake nao hunyonya sauti na chumba bila yeye si chumba kilekile. Alikaa bila kusogea, mkono wa kulia ukining'inia juu ya tundu. Dakika hiyo nimeikata vipande vya sekunde tano tano, navyo ndivyo vinavyosikika kati ya tungo zote 11.