Diski "iliyofaulu" kipimo si lazima iwe nzima

Watu wengi huamini kwamba mfumo wa SMART, ambao diski hutumia kujichunguza, ukishasema diski imefaulu, basi haiwezi kufa karibuni. Dhana hiyo ni potofu, na imewapotezea wengi picha na kazi za miaka. Jibu hilo maana yake ni kwamba hakuna kipimo kilichovuka kikomo alichokiweka mtengenezaji mwenyewe, na vikomo hivyo aghalabu huwa vimelegezwa mno.

Cha kutazama ni tarakimu zenyewe. Katika orodha ya vipimo vya SMART, sifa namba 5 huhesabu sekta mbovu (sekta ni kijisehemu cha diski kinachohifadhi data) ambazo diski imekwisha kuziweka kando na kutumia za akiba badala yake, ilhali namba 197 huhesabu zile zilizoshindwa kusomeka na ambazo bado hazijaamuliwa. Diski inaweza kuonyesha 0 kwa miaka, kisha 8, kisha 40 ndani ya wiki moja, huku bado ikisema imefaulu. Kupanda huko, kuliko tarakimu yoyote moja, ndiko kunakopaswa kukushtua.

Hata hivyo, tarakimu safi nazo si dhamana. Watafiti wa Google, waliochunguza diski zaidi ya 100,000, walieleza mwaka 2007 kwamba zaidi ya asilimia 36 ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote katika vipimo hivyo, ukiacha joto. Ndiyo maana nakala rudufu haingoji onyo: hutengenezwa diski ikiwa bado inasomeka yote.